Tope Linalobaki Kisimani

Wazee wetu wa Upareni walijua kwamba ndiva isiyozolewa tope haihifadhi maji ya kutosha. Kwa hiyo watu waliitwa kwenye msaragambo, nao walizoa tope kwa mikono yao mbele ya macho ya wote. Kisima kirefu nacho kina tope lake, ila hili liko chini sana, na alijuaye ni mwenye mtambo peke yake.

Mtambo unapochimba katika mchanga na udongo laini wa tambarare zilizo chini ya milima yetu, shimo hujazwa tope maalumu ili kuta zisiporomoke na vipande vilivyosagwa vipande juu. Kwa miaka mingi tope hilo limetengenezwa kwa udongo uitwao bentonaiti, ambao hugandamana na kuta na kuziba njia za maji usipoondolewa. Wachimbaji wengine hutumia polima, yaani dawa inayofanya maji kuwa mazito na yenye utelezi. Sisi hatuzipingi polima. Zitokanazo na mbegu za mmea wa gwari huoza zenyewe baada ya siku chache. Nyingine huvunjwa kwa klorini. Lakini zikiachwa humo, kuta hubaki zimeziba, na zile zinazooza huwa chakula cha bakteria. Baadhi ya zile za viwandani zaweza kuwa na mabaki ya akrilamaidi, kemikali ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha miligramu 0.0005 katika lita moja ya maji ya kunywa.

Kukisafisha kisima huchukua saa nyingi, pengine siku, na mashine ya hewa hula dizeli. Mkandarasi anayelipwa kwa mita alizochimba ana sababu gani ya kukaa? Hapo ndipo ilipo dhuluma: wanakijiji wamechangishana, kisha wanaambiwa kisima ni kikavu, kumbe kimezibwa.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 humtaka mchimbaji awe na leseni. Leseni peke yake haitoshi. Viongozi wa walei walio katika kamati za maji wadai mkataba utaje kila kitakachotiwa shimoni, na fedha za mwisho zisitolewe kabla maji hayajatoka maangavu na kupimwa, kamati ikiwapo. Wakijibiwa kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu, waulize swali moja tu: mmetia ndoo ngapi, na mmeziondoaje?