Mizani Ikae Mbele ya Mwenye Shamba

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii kwa kawaida huambiwa mwenye duka. Mimi nawaambia wenye mashamba wa Kakamega, ambao chini ya mahindi yao imelala dhahabu. Na ninyi vijana yawapasa kuisikia, kwa kuwa ndinyi mtakaoyarithi mashamba hayo.

Si mara ya kwanza dhahabu kuzua ugomvi katika nchi hii. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwawekea Waafrika ardhi zao milele. Iliahidi kwamba kipande kikitwaliwa kwa haja ya umma, mwenyeji atapewa kipande kingine cha thamani ile ile. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega. Desemba 1932 sheria ikageuzwa upesi: ardhi itwaliwe kwa fedha tu, wala si lazima baraza la wenyeji lishauriwe kwanza. Ahadi ya milele haikutimiza hata miaka mitatu. Mgodi wa Rosterman ukachimbwa hadi mwaka 1952, kisha wageni wakaenda zao. Mwenyeji aliachiwa mashimo na jina.

Leo tunajitawala, na sheria ni zetu. Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba madini ni mali ya umma, nayo serikali ya taifa huyashika kwa amana ya wananchi. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imegawa mrabaha, yaani fungu ambalo mchimbaji hulipa kwa ajili ya mali aliyoitoa ardhini: asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali penye machimbo. Mwaka 2020 kampuni ya Shanta Gold iliununua mradi wa Kenya Magharibi kutoka kwa Barrick, na majina ya Isulu na Bushiangala yakasomwa na wenye mitaji wa nchi za mbali.

Maneno ya sheria ni mema. Lakini nauliza: mizani ameishika nani?

Tufanye hesabu. Tuseme mrabaha ni shilingi 5 katika kila shilingi 100. Dhahabu ya shilingi 1,000 ikiuzwa, mrabaha ni shilingi 50, na fungu la jamii ni shilingi 5. Sasa tuseme daftari limeandikwa 600 badala ya 1,000. Jamii itapata shilingi 3, nayo itashukuru, kwa sababu haijui kwamba imepunjwa. Aibiwaye ng'ombe huona zizi tupu. Apunjwaye katika hesabu haoni kitu.

Tena fungu laweza kuandikwa vizuri na lisifike. Huko Kwale madini ya titani yalianza kusafirishwa ng'ambo mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma mwishoni mwa mwaka 2024. Wenyeji walikaa miaka mingi baada ya sheria ya 2016 wakiingojea ile asilimia 10 yao. Meli zilijua njia; fedha za wanyonge zilipotea njiani.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya Waafrika peke yao. Marekani mwenye shamba aweza kumiliki hata kilicho chini yake. Katika jimbo la Pennsylvania, sheria ya mwaka 1979 yaagiza kwamba mwenye ardhi asipewe chini ya sehemu moja katika nane ya gesi itolewayo kwake. Hata hivyo kampuni zilikata kwanza gharama za kusafisha na kusafirisha gesi, na mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaukubali ukataji huo. Mwaka 2015 mwanasheria mkuu wa jimbo aliishtaki kampuni ya Chesapeake, akiituhumu kuwapunja wenye ardhi. Baada ya miaka kadhaa shauri likaishia katika mapatano. Ikiwa wenye hati na mawakili walihangaika hivyo, mjane wa Ikolomani atafanya nini?

Najua nitajibiwa. Wengine watasema kampuni huleta fedha na mitambo, nayo huweza kupata hasara. Ni kweli, na faida yake ya haki ni yake. Lakini hasara ya mwenye shamba ni kubwa zaidi, kwani kampuni ikishindwa hapa itahamia kwingine, naye hana kwingine. Wengine watasema hesabu za mgodi ni ngumu kwa mwanakijiji. Hao nawajibu kwamba mwanakijiji huyo huyo hupima miwa yake na chai yake, na hujua mizani iliyoinama.

Basi yanayodaiwa ni machache. Uzito wa dhahabu na bei iliyouzwa vibandikwe wazi kila mwezi, kwa lugha isomekayo na wenyeji. Jamii ichague watu wake wa kushuhudia upimaji. Fungu lake lilipwe kwa tarehe inayojulikana. Mkataba usomwe barazani kabla ya kutiwa sahihi.

Nanyi vijana, msidharau somo la hesabu. Babu zenu walinyang'anywa kwa sheria waliyogeuziwa wasipokuwapo. Ninyi mtapunjwa kwa daftari msilolisoma, msipodai kulifungua. Fungu lisilopimwa mbele ya mwenyewe si haki yake. Ni sadaka anayotupiwa.