Chuma kikishakatwa hakirudi
MEZA YA FUNDI
Na Idrisa Mbwambo

Kila ninapogusia silaha za zamani katika safu hii, wasomaji wetu walioko Marekani huniletea swali lile lile. Mtu amerithi rivolva ya baba mkwe wake, au ameinunua dukani ikiwa imetumika, Smith & Wesson, Colt au Ruger ya miaka hamsini iliyopita. Sasa fundi amemwambia anaweza kuibadilisha kabisa: mtutu ufupishwe, chuma kitiwe nikeli, triga ilainishwe, mpini uwe wa mbao ya thamani. Gharama inazidi bei ya silaha yenyewe. Je, alipe?

Mimi huuliza jambo moja kabla ya bei. Kazi hiyo inaweza kurudishwa ilivyokuwa? Kama fundi anabadilisha kitu kinachofungwa kwa skrubu, na kile cha awali unakihifadhi kabatini, lipa kwa roho safi. Kama anakata, anachonga au anasugua chuma chenyewe, basi mara nyingi utakuwa unalipa ili mali yako ishuke thamani.

Tazama Ruger Blackhawk, mfano ninaoupenda kuliko yote. Ilitoka mwaka 1955, na kwa miaka mingi iliundwa kwa mtindo wa kale ambao nyundo ikilala huisukuma pini igusane na risasi iliyo mbele yake. Silaha ikidondoka na kutua kwa nyundo, inaweza kulipuka. Ndiyo sababu wazoefu walijaza risasi tano kwenye silinda ya matundu sita, nyundo ikalala juu ya tundu tupu. Mwaka 1973 kampuni ikaleta New Model, ambayo ndani yake mna kipande chembamba cha chuma kinachopanda kati ya nyundo na pini pale tu triga inapovutwa. Wenye zile za zamani nao hawakuachwa: kampuni hufunga mfumo mpya wa usalama bila malipo, kisha humrudishia mwenye silaha vipande vyake vya awali.

Kwangu mimi hayo ndiyo matengenezo bora kuliko yote yanayoweza kufanyiwa rivolva ya zamani. Yanaokoa maisha, hayakugharimu kitu, na vipande vya kiwandani unabaki navyo. Vitunze vipande hivyo katika bahasha moja na karatasi za silaha, maana mnunuzi anayejua ataviulizia kabla hajataja bei.

Baada ya usalama, lipia afya ya mtambo. Hapa sioni haya kumwambia mtu atoe dola mia kadhaa. Rivolva ni mtambo wa kupanga: silinda lazima izunguke, ifike mahali pake na ifungwe hapo, tundu likitazamana sawasawa na mtutu, kabla nyundo haijaanguka. Ikichelewa kidogo tu, risasi huingia mtutuni kwa upande, na vipande vya risasi vinaruka pembeni kumpiga aliyesimama karibu. Unaweza kuipima mwenyewe. Hakikisha silaha ni tupu, uhakikishe tena, kisha weka kidole kwenye silinda uizuie kidogo huku ukiirudisha nyundo polepole. Unapaswa kusikia kufuli la silinda likiingia kwenye pengo lake kabla nyundo haijafika mwisho. Kama nyundo imefika na silinda bado haijafungwa, hiyo si ya kufyatuliwa tena mpaka fundi aione. Ishike silinda pia uisukume mbele na nyuma. Ikicheza, kuna vishimu vyembamba vya chuma vya kuondoa mchezo huo, na kwa fundi anayejua si kazi ya siku nzima.

Colt za zamani ndizo zenye kudai zaidi. Ndani yake hutumia springi yenye umbo la herufi V, na vipande vyake hupatana kwa kutiwa tupa kimoja kimoja, kwa mkono. Mafundi wanaoijua kazi hiyo wamebaki wachache, na foleni yao ni ndefu. Ukimpata mmoja wao, mlipe anachodai. Usimpelekee Colt Python fundi ambaye maisha yake yote amefungua bastola za kisasa tu. Smith & Wesson Model 19 nayo ina udhaifu wake: sehemu ya chini ya mdomo wa mtutu unaopokea risasi imepunguzwa ili silinda ipate nafasi, na risasi nyepesi zenye baruti kali za .357 Magnum zimepasua mitutu mingi hapo. Kabla hujamlipa mtu kuipamba Model 19, fungua silinda, mulika hapo kwa tochi, utafute ufa. Ukiuona, kuanzia hapo fedha zako zote ni za mtutu mwingine.

Sasa niseme kuhusu kung'arisha, na hapa sitafichaficha hisia zangu.

Ukitaka kujua hasara yake, shika Colt mbili za umri mmoja, moja ikiwa na rangi yake ya kiwandani iliyochakaa kwa kutumika, nyingine ikiwa imepigwa upya na fundi wa haraka. Pitisha kidole gumba juu ya alama ya farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Kwenye ile ya kwanza kingo za alama zinakukwaruza kidole. Kwenye ya pili farasi amefifia, herufi za jina la kiwanda zimekuwa mifereji butu, na mashimo ya skrubu yamepanuka ukingoni kama visahani. Pembe za fremu zilizokuwa kali zimekuwa mviringo. Inameta kweli, lakini wamefanya kama anayepiga randa mlango wa Zanzibar ili upate kung'aa, nakshi zote zikaishia sakafuni pamoja na maranda. Hakuna rangi duniani itakayorudisha chuma kile.

Na soko linalijua hilo. Python ilianza kuuzwa mwaka 1955 kwa dola 125. Ilipofika 2005 utengenezaji wake ulikuwa umekoma, na bei za zile za zamani zikapanda mno. Colt ilipoirudisha mwaka 2020, ikiwa imesanifiwa upya ndani, iliitangaza kwa dola 1,499. Mtu anayetaka kufyatua tu ana mpya ya kununua. Anayetafuta ya zamani anatafuta kilichotoka kiwandani: rangi ile ya buluu, boksi lake, karatasi zake. Ukishaipiga nikeli, unamwendea mnunuzi huyo ukiwa na kitu ambacho hakukiomba.

Kuna mabadiliko mabaya kuliko hayo, nayo yalifanywa kwa maelfu. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, Smith & Wesson iliwatengenezea Waingereza na majeshi ya Jumuiya ya Madola rivolva za .38, zile zinazoitwa Victory, zikitumia risasi fupi na pana kidogo. Baada ya vita nyingi zilirudi Marekani kuuzwa kama bidhaa za ziada. Wafanyabiashara wakarefusha matundu ya silinda kwa mashine ili yapokee .38 Special, risasi iliyokuwa imeenea madukani, na wengine wakakata mitutu ili ziuzike upesi. Tatizo ni kwamba .38 Special ni ndefu zaidi lakini nyembamba. Niliwahi kuonyeshwa maganda yaliyotoka kwenye mojawapo ya silaha hizo: kila ganda lilikuwa limevimba tumbo karibu na kitako, na mojawapo lilikuwa na ufa unaoingiza kucha. Shabaha yake haikuwa na maana, kwa sababu risasi ililegea ndani ya mtutu. Mtu aliyenunua silaha ile hana la kufanya ila kutafuta silinda nyingine.

Webley za Waingereza, zikiwemo za muundo wa Mk VI ulioanza kutumika jeshini mwaka 1915, zilitendewa vivyo hivyo. Silinda zilichongwa nyuma ili zipokee .45 ACP, risasi ya bastola ya Marekani, ambayo msukumo wake unazidi ule ambao Webley ilipimiwa. Zipo zinazofyatuliwa mpaka leo. Ukikutana nayo, usijaribu bahati yako. Nami nawahesabu katika kundi hili hili wanaokata ukingo wa mbele wa kinga ya triga kwa kuiga zile alizotengeneza John Henry Fitzgerald akiwa Colt. Zake ni adimu na zina thamani kwa sababu ni yeye aliyezifanya. Ya nyumbani, iliyokatwa kwa msumeno, ni fremu dhaifu na triga iliyo wazi.

Je, hakuna rivolva ya zamani inayostahili kubadilishwa kwa gharama kubwa? Ipo, na wanaoipenda kazi hiyo wana haki yao. Mwezi Aprili 1929, Elmer Keith aliandika katika jarida la American Rifleman kuhusu Colt aliyotengenezewa na mafundi kadhaa, ikiwa na fremu, mpini na shabaha tofauti na za kiwandani, na mafundi wa leo bado wanajifunza kwake. Blackhawk za zamani za .357 zenye fremu ya ukubwa wa wastani zilibadilishwa na wengi kuwa .44 Special, kwa kupanua matundu ya silinda na mtutu, na matokeo yalikuwa silaha nyepesi yenye nguvu ya kutosha. Lakini siku hizi Ruger yenyewe imekwisha kuuza .44 Special kwenye fremu ya ukubwa huo. Ukitaka utendaji wake, nunua hiyo. Ukitaka mkono wa fundi fulani unayemheshimu, basi chagua silaha iliyokwisha kuharibiwa rangi au mtutu na mmiliki wake wa kwanza. Hiyo haina cha kupoteza, na fedha utakazoweka ni za matumizi yako, usizihesabu kama akiba.

Triga ni jambo la katikati. Springi laini zinarudishika, ila ukizidisha ulaini nyundo hupiga bila nguvu na risasi haiwaki. Kusugua nyuso za ndani kwa jiwe ni kazi ya bingwa tu, kwa sababu ngozi ngumu ya chuma cha nyundo na triga ni nyembamba, na ikishatoboka silaha inaweza kujifyatua yenyewe. Mpini ndio usiokuwa na lawama hata kidogo. Wako wachongaji wanaotumia mpingo wa kwetu, na ukifungwa vizuri unatulia mkononi kuliko plastiki yoyote. Fungua skrubu moja, weka ule wa kiwandani kwenye sanduku, umemaliza.

Kwa Waswahili wenzangu wa huko nina neno la ziada. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumiliki silaha. Aliyeko kwa viza ya muda, mwanafunzi akiwemo, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa kwa misamaha michache kama ya mwenye leseni halali ya uwindaji. Sheria za jimbo lako nazo zisome. Fundi anayeifanya kazi hii kibiashara lazima awe na leseni ya shirikisho, kwa hiyo iulizie kabla ya kumwachia silaha yako. Na rivolva ya urithi, hata iwe nzuri kiasi gani, usiifungie kwenye mzigo wa kwenda nyumbani bila kibali cha nchi zote mbili mkononi.

Kwa hiyo, ndugu uliyeniandikia kuhusu Colt ya baba mkwe: ipeleke ikaguliwe ufungaji wa silinda, lipia hilo, nunua mpini mpya kama mkono wako unautaka, na umwambie fundi kwa maandishi kwamba asiguse rangi wala mtutu.