Mfumo Ukifutwa, Faili Hubaki

Imani kwamba kusakinisha upya mfumo endeshi wa kifaa cha kuhifadhia data nyumbani ni sawa na kufuta faili zote zilizomo imeota mizizi kiasi kwamba wamiliki wengi, kifaa kinapogoma kuwaka au kinapoanza kujizima chenyewe, huona heri kikae kabatini kwa miaka kuliko mtu yeyote akiguse. Kifaa chenyewe ni kile kisanduku chenye diski moja, mbili, nne au zaidi, kinachochomekwa kwenye ruta ili kompyuta, simu na televisheni za nyumba nzima zipate picha, filamu na nyaraka kutoka mahali pamoja. Na mfumo endeshi ni programu kuu inayokiwasha, inayowatambua watumiaji na kuamua nani afungue folda ipi. Imani hiyo ni potofu, na ubaya wake hauishii kwenye upotofu, kwa sababu imewagharimu watu faili zilezile walizodhani wanazilinda.

Chimbuko lake linaeleweka. Kwa miaka mingi kompyuta za kawaida zilikuja na diski moja iliyobeba kila kitu katika sehemu moja, Windows na picha za harusi kwa pamoja, na fundi aliyeombwa "kupiga Windows" mara nyingi aliifomati sehemu hiyo, yaani aliifuta na kuipanga upya, kabla ya kuweka mfumo mpya, hivyo aliyesahau kuhamishia picha zake kwenye flashi alizipoteza kwelikweli. Kwa mashine ile tahadhari ilikuwa ya haki. Kinachoshangaza ni kuihamishia kwenye mashine iliyojengwa kwa mpango tofauti kabisa, tena mara nyingi kwa vinywa vya mafundi wenyewe, ambao ilitarajiwa wawe wa kwanza kuuliza diski zimegawanywaje kabla ya kumtia mteja hofu.

Katika vifaa vya Synology, kampuni ya Taiwan, mfumo uitwao DSM huwekwa kwenye sehemu ndogo iliyotengwa katika diski, na sehemu hiyo hunakiliwa kutoka diski moja hadi nyingine ili moja ikifa zilizobaki ziendelee kukiwasha kifaa. Faili za mwenye nyumba hukaa kwenye sehemu nyingine, kubwa zaidi, ambayo usakinishaji upya hauna haja ya kuigusa. Ndiyo maana kampuni imeiacha kazi hiyo ifanyike bila hata bisibisi. Kitufe kidogo kilichozama kwenye tundu, ambacho pini ya kutolea laini ya simu hukifikia vizuri, hubonyezwa kwa sekunde 4 hivi hadi mlio mmoja usikike, huachiwa, kisha hubonyezwa tena ndani ya sekunde 10 hadi isikike milio 3, na baada ya hapo mfumo huwekwa upya kupitia kivinjari cha kompyuta iliyo kwenye mtandao huohuo. Mipangilio hufutika, folda hubaki. TrueNAS, mfumo huria uliozaliwa mwaka 2005 kwa jina la FreeNAS, umeutenganisha mfumo na data hata zaidi, kwa kuwa huwekwa kwenye diski yake pekee, nao utaratibu wa ZFS unaopanga faili huandika maelezo ya kundi la diski ndani ya diski zenyewe, hivyo mfumo mpya huyasoma na kulipokea kundi lote lilivyokuwa.

Wanaoitetea hofu hii huchanganya kusakinisha mfumo upya na kukirudisha kifaa katika hali ya kiwandani. Tofauti ya mambo hayo ilionekana waziwazi mwezi Juni 2021, wamiliki wa My Book Live, kifaa cha Western Digital ambacho hakikuwa kimepata masasisho tangu 2015, walipokuta folda zao tupu. Hakuna aliyekuwa amesakinisha chochote. Wavamizi walikuwa wametuma kupitia intaneti amri ya kurejesha hali ya kiwandani, amri ambayo katika kifaa hicho ilifuta pia data, na kifaa kikaitii bila kudai nywila kwa sababu mistari ya programu iliyopaswa kuidai ilikuwa imezimwa.

Mwaka 2014 ulikuwa umeshatoa somo la karibu zaidi na hoja hii. Mwezi Agosti programu ya utekaji iliyoitwa SynoLocker, inayofunga faili kwa msimbo na kudai fidia, iliingia katika vifaa vya Synology vilivyobaki na matoleo ya zamani ya DSM, ilhali rekebisho la tundu la kiusalama ililolitumia lilikuwa limetolewa tangu Desemba 2013. Kila aliyeuacha mfumo wa zamani kwa hofu ya kupoteza picha aliziacha wazi kwa mtekaji.

Hii haimaanishi kwamba kazi ya kusakinisha mfumo upya haina hatari. Hatari zipo, ila si zile zinazotajwa vibarazani. Mifumo ya jamii ya Linux humtambua mwenye faili kwa namba, si kwa jina, na mfumo mpya ukimpa mama namba 1001 iliyokuwa ya mwanawe, mama atafungua folda yake na kuambiwa hana ruhusa, naye atalia kwamba vyote vimekwenda ilhali hakuna kilichosogea. Dawa yake ni kusahihisha umiliki, kazi ya dakika chache kwa anayeijua. Diski zilizofungwa kwa usimbaji fiche ni jambo zito zaidi, kwani ufunguo uliohifadhiwa ndani ya mfumo hufutika pamoja nao, na asiye na nakala yake nje ya kifaa hana wa kumlilia. Iko pia skrini inayomtaka mtu aweke alama ya vema kukiri kwamba data zote za kwenye diski zitafutwa. Skrini hiyo huonyesha kwamba kifaa kinaziona diski kama ngeni, pengine kwa sababu moja haikuchomekwa sawasawa, na mwenye akili huishia hapo, akakizima na kuzikagua diski, badala ya kubonyeza kitufe cha kuendelea kwa mazoea.

Atasema mtu kwamba tahadhari haiozi, na kwamba asiyegusa haharibu. Diski hazijali msemo huo. Huchakaa zikizunguka, na hata zikilala kabatini haziwi na uhai wa milele. Mwenye kuzihofia faili zake kwa dhati angenunua diski ya nje na kuzinakili leo, kazi ambayo mwenye kifaa kilicholala kwa sababu ya hofu hawezi kuianza mpaka asakinishe mfumo upya au azisome diski zake kwenye kompyuta nyingine.