*TAMKO LA TAWI: NYUMBA MPYA ZIHIMILI UPEPO*



Msimu wa mvua umeanza, na habari za paa kuezuliwa zimerudi. Kila mwaka tunachanga mabati, mahindi na mablanketi. Kuchanga ni utu, na tuendelee. Lakini michango huja baada ya maafa. Tawi linataka tuanze kabla.

Sisi wa Shinyanga hatuhitaji kusimuliwa. Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe na upepo mkali viliipiga Mwakata, Kahama. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wakiangukiwa na nyumba za tope walimojikinga.

Mji wa Moore, jimbo la Oklahoma, Marekani, ulipigwa na tonado Mei 20, 2013. Watu 24 walikufa, wakiwemo watoto 7 shuleni. Mwaka 2014 mji huo ulipitisha kanuni: kila nyumba mpya ihimili upepo wa kilomita 217 kwa saa. Kanuni hiyo haikumlazimisha kila mtu kuchimba handaki. Ilitaka paa lishikwe barabara na ukuta, na ukuta ushikwe na msingi.

Nasi tunasimama hapo. Kumdai mwananchi anayejenga kidogo kidogo aongeze chumba cha zege cha kujikinga ni kumwambia asijenge. Lakini kufunga kenchi kwa nondo zilizozamishwa kwenye lenta, badala ya kutegemea misumari peke yake, ni gharama ndogo kuliko kuezeka upya.

Kwa hiyo tunamtaka diwani wetu apeleke halmashauri hoja mbili:

*1.* Kibali cha ujenzi kitaje namna paa litakavyofungwa, na mkaguzi aone kazi kabla bati halijapigwa.

*2.* Kila shule na zahanati mpya iwe na chumba kimoja imara cha zege, kwa fedha za serikali. Hicho ndicho kimbilio la jirani ambaye hana uwezo wa kununua hata tofali za kuchoma.

Wanachama mafundi, msisubiri kanuni. Mwambieni mwenye nyumba ukweli mapema.

Hoja hizi zitajadiliwa kikao kijacho cha tawi. Anayezipinga naye aje, asikilizwe.

_Imetolewa na Idara ya Uenezi ya Tawi._