Mwacheni Bi Harusi Aangalie Muvi za Kusisimua



Tunawaandikia kutoka Hanga, huku Songea, mbali na bahari yenu. Sisi ni mafundi watatu wa kike katika chumba kimoja, tuna cherehani mbili na runinga ya inchi 24 ukutani. Tunashona magauni ya harusi, mashela na mabuibui, na mikono ikiwa kazini macho yanaibia muvi. Flashi tunajaziwa Songea mjini. Nyingi zimeshatafsiriwa na madijei, na dijei akiona steringi anachelewa anaongeza maneno yake mwenyewe. Shule ya filamu hatujasoma. Lakini tumeangalia nyingi, na leo tuna ugomvi.

Bi harusi akija kupimwa na shangazi yake au somo wake, wakakuta tumeweka muvi ya kusisimua, tunaambiwa: "Zimeni hiyo, msimtie mwali shaka. Mwekeeni tamthilia ya mapenzi." Tumezima mara nyingi kwa heshima. Sasa tunasema hapana. Tamthilia za mapenzi ndizo zinazotuharibia mabinti. Mle ndani mwanamume anayefoka, anayemvuta mwenzake mkono na kumpekua simu ndiye steringi, na kinanda kinamlilia. Binti anatoka hapo anaamini wivu ndiyo mahaba yenyewe. Kwenye muvi ya kusisimua mwanamume huyo huyo anaitwa kwa jina lake, adui.

Chukueni Sleeping with the Enemy ya mwaka 1991, ya Julia Roberts. Ni ya zamani, ila tunairudia. Yule mume hamtishi mtu kwa bunduki mwanzoni. Anatazama taulo za bafuni kama zimenyooka sawasawa, na makopo ya kabatini kama yamegeuzwa upande mmoja. Basi. Sisi tuliokaa tunapiga pasi tukajikuta tunaziogopa taulo. Huo ndio ufundi tunaoupenda, kuogopa kabla ya kitu kutokea. Wahindi waliiiga mwaka 1996 wakatoa Agni Sakshi, Nana Patekar akawa mume, nayo si haba ila kelele zimezidi.

Ina kasoro zake. Inaishia kwenye risasi, na mwenye mume kama yule huku kwetu risasi hana. Halafu haituonyeshi uchumba wao. Inatukutanisha nao wakiwa wameshaoana, ilhali sisi wateja wetu wako kwenye uchumba.

Tunalijua hilo kwa sababu Shaaban iliyopita tulikuwa na binti anapimwa, muvi hiyo ikiwa inaendelea. Alikuja na rafiki yake. Alikuwa anatuhadithia kwa kucheka kwamba mchumba wake ana namba ya siri ya simu yake, na kila akifika mahali lazima apige video aizungushe simu chumba kizima, aonekane yuko na nani. Rafiki yake akasema, "Huyo anakupenda." Shangazi yake alishasema hivyo hivyo. Ilipofika ile sehemu ya taulo binti alinyamaza. Tulikuwa na futi kiunoni mwake, tukasikia pumzi inabadilika. Akatuuliza, "Huyu alianza hivi hivi?" Tukakosa la kumjibu, maana muvi yenyewe haisemi.

Wanaosema tunawatia shaka mabinti, tunawaomba wamkumbuke Bibi Fatima binti Qays, radhi za Allah ziwe juu yake. Aliposwa na Muawiya na Abu Jahm, akaenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kutaka shauri. Hakuambiwa avumilie wala asifikirie mabaya. Aliambiwa wazi kuwa huyu fimbo haimtoki begani na yule hana mali, akashauriwa aolewe na Usama bin Zayd. Imo katika Sahih Muslim. Kama binti aliyeposwa alistahili kuelezwa tabia ya mposaji waziwazi namna ile, sisi nani tumfiche kwa tamthilia?

Tuendelee na muvi. Darlings, iliyotoka 2022, ni ya familia ya Kiislamu huko Mumbai, na Alia Bhatt ndiye mke. Mume analewa, anapiga usiku, asubuhi anaomba msamaha kwa sauti tamu, na mke anaamini leo ndiyo mwisho. Hizo asubuhi ndizo zinazotisha kuliko usiku. Mama mkwe aliyekuwa mtaani petu tukiiangalia alitoka nje kabla haijaisha, hatukumuuliza sababu. Ila nusu ya pili wanaigeuza kichekesho cha kulipizana kisasi, na sisi hapo tunaachana nayo. Kumfunga mtu kamba kwenye kiti si dawa ya ndoa.

Raazi ya mwaka 2018 inatuumiza zaidi. Bi harusi wa Kashmir anaozwa Pakistan mwaka 1971 ili awe mpelelezi katika nyumba ya wakwe zake wanajeshi. Uzuri wake ni kwamba mume ni mwema. Anampa mke nafasi, hamlazimishi, na kila wema wake unazidisha hofu yetu. Lakini huyo binti ni mwanafunzi tu wa chuo, anafundishwa siku chache tayari ameiva! Na kubwa zaidi, baba amefanya nikahi kuwa mtego, na muvi inamsifu kwa kuipenda nchi yake. Hatukubali. Nikahi ni ahadi nzito, haiwekewi chambo.

Kahaani ya mwaka 2012 ndiyo bingwa wetu. Vidya Balan, mjamzito, anamtafuta mumewe katika mji wa Kolkata, na kila ofisi anayoingia anachukuliwa kama mama wa kuhurumiwa. Mwisho hatuusemi, msije mkatulaumu. Tunasema tu kwamba tuliirudisha nyuma mara mbili na hatukukuta uzi uliolegea.

Na za kwetu? Za zamani tunazipenda kwa mazoea, lakini ukweli usemwe. Gari linafunguliwa geti, linaingia, linaegeshwa, mtu anashuka, anapanda ngazi, na hakuna kilichotokea. Kisha unauziwa sehemu ya pili. Mganga anamaliza kila fumbo, na mwanamke hatari lazima awe jini, kama Shumileta wa Mussa Banzi. Jini halimfundishi binti kumjua mtu. Aisha, iliyotengenezwa Pangani mwaka 2015, haikuhitaji jini. Mwanamke anarudi kwao, anaingiliwa kwa nguvu, na kinachotisha baada ya hapo ni watu wanaomjua wakimtaka anyamaze. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, ninyi wa Unguja mnaijua kuliko sisi. Yasmin anaozwa kwa mzee asiyemtaka, anatoroka, na vichochoro vya Mji Mkongwe vinajaa askari wa Mwingereza. Inakwenda polepole, mwenzetu mmoja alisinzia, ila ile ndoa ya mwanzoni ilitusisimua kuliko mbio zote zilizofuata.

Mtatuambia kuna mambo ya aibu humo. Yapo. Rimoti tunayo, na adhana ikiingia tunazima. Hizo tamthilia mnazotuletea nazo zina mabusu mangapi?

Yule binti wa Shaaban alikwenda kwa baba yake mkubwa, ambaye ndiye walii wake, akamweleza habari ya simu. Mzee hakumcheka. Alituma watu kwa mposaji wakaulize habari zake kwa jirani zake, na nikahi ikasogezwa mbele. Shangazi amekasirika, na sisi anatuita wachochezi. Wateja wawili wa ukoo ule wamepeleka vitambaa vyao kwa fundi mwingine.

Gauni lake lipo hapa, limebaki pindo tu. Juzi alipita na hakuliulizia. Alikaa kwenye benchi, akaomba tumwekee Kahaani tangu mwanzo.