Likizo ya Juni na malango yaliyofungwa

SHULE za msingi zinapofungwa mwezi Juni, watoto wa Dar es Salaam hugawanyika makundi matatu bila mtu yeyote kutangaza. Wapo wanaopelekwa kila asubuhi kwenye kambi za kutwa zinazoandaliwa na baadhi ya shule na klabu za binafsi, ambako huogelea, hucheza tenisi na kuchora, kisha hurejeshwa nyumbani jioni. Wapo wanaorudi kwenye madaftari kupitia masomo ya ziada, maarufu kwa jina la twisheni. Waliosalia hubaki mtaani, wakicheza rede na kombolela katikati ya vichochoro ambavyo bodaboda nazo huvidai.

Ada ya kambi hizo za binafsi huzifanya zionekane kuwa mambo ya wenye nazo. Hata hivyo, haja iliyozizaa ni ya kila nyumba. Nchini Marekani, ambako likizo ya kiangazi ni ndefu, kambi ya kutwa imekuwa jambo la kawaida kwa sababu mzazi yupo kazini, shule imefungwa na lazima apatikane mtu mzima wa kukaa na watoto. Mama anayeuza samaki Mbagala ana tatizo hilo hilo, tena mara nyingi hulimaliza kwa kumwachia binti yake wa miaka 11 nyumba na wadogo zake. Huyo hata rede ya mtaani haipati.

Kwa upande wa sheria, Tanzania haina upungufu wa maneno. Iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara ya 31 ya mkataba huo inamtambulia mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imeitaja burudani miongoni mwa haki ambazo mtoto anazidai kwa wazazi wake. Mzazi ametwishwa wajibu, lakini mahali pa kuutekelezea hakuoneshwa.

Mtazamo wa wakubwa kuhusu michezo umekuwa ukiyumba kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo shuleni yalisimamishwa kwa maelezo kwamba yanaathiri masomo, kisha yakarejeshwa. Tangu hapo fahari yetu imekuwa UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi ambayo huchuja wanamichezo kutoka shuleni hadi taifa. Ni utaratibu mzuri wa kusaka vipaji, lakini kila hatua ya mchujo huwarudisha nyumbani watoto wengi kuliko inaowapeleka mbele. Shirika la Afya Duniani (WHO), ambalo hushauri wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 17, halikusema dakika hizo ni za wenye vipaji tu.

Kidongo Chekundu kipo kituo cha JMK Park, kilichofunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya michezo ya vijana. Ni mfano wa kupongezwa, ila mtoto wa Chanika hawezi kupandishwa daladala peke yake kukifuata.

Kiwanja kilicho karibu na mtoto huyo ni cha shule yake mwenyewe, nacho hufungiwa likizo nzima. Hapa ndipo hoja ilipo. Halmashauri haihitaji kununua ardhi. Inahitaji kufungua lango kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, kwa majuma matatu, pakiwa na mipira, kamba za kuruka, maji ya kunywa, vyoo vilivyo wazi na sanduku la huduma ya kwanza.

Walimu wakuu wana hofu ambazo hazifai kubezwa. Kioo kikivunjika au mtoto akivunjika mkono, wa kwanza kuulizwa ni wao. Aidha, mwalimu anastahili likizo yake. Ndiyo maana usimamizi ungeweza kupewa wanachuo, wakiwamo wa Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, ikawa sehemu ya mafunzo yao kwa vitendo, chini ya barua ya mkurugenzi inayoeleza nani anawajibika kwa lipi. Bila barua hiyo, hakuna mwalimu mkuu mwenye busara atakayetoa ufunguo.

Wengine watasema dawa ni kupiga marufuku twisheni. Kenya ilifanya hivyo katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Lakini katazo peke yake haliwapi watoto mahali pa kwenda, na mzazi wa Tabata anayelipia twisheni mara nyingi hanunui hesabu tu. Ananunua saa nne za kujua mwanawe yuko wapi. Saa hizo ndizo ambazo kiwanja cha shule, kikiwa na msimamizi, kingeweza kumpa bila malipo.