Chuma Chetu Kiko Juu ya Ardhi

Tangu serikali itangaze, Januari 2024, kwamba koltani imepatikana katika kaunti kadhaa, Embu ikiwemo, gumzo la madini limepamba moto kutoka Mbeere hadi Meru. Nyuma ya gumzo hilo ipo imani iliyoota mizizi: kwamba taifa hujihakikishia malighafi ya viwanda kwa kuchimba tu, na kwamba skrepu, yaani vyuma chakavu, ni biashara ya wezi. Imani hiyo ni potofu, na kwa upande wa chuma inatutia hasara.

Kuyeyusha mawe ya chuma kwa tanuri kubwa la kawaida kunahitaji makaa ya mawe maalumu, nasi hatuna mgodi wa makaa unaofanya kazi. Skrepu huyeyushwa kwa umeme, na umeme tunao: Mto Tana, kwenye mpaka wa Embu, unaendesha mitambo kuanzia Masinga hadi Kiambere. Kila tani ya skrepu inayoyeyushwa huokoa takriban tani 1.4 za mawe ya chuma. Uturuki imekuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa chuma duniani kwa kutegemea zaidi skrepu, nyingi ikiwa ya kununua nje. Fundi wa jua kali analijua hili bila kuhubiriwa: springi ya matatu iliyovunjika huikata, akaipasha moto hadi ikawa nyekundu, akaifua ikawa panga.

Wapinzani watataja Januari 11, 2022, minara ya laini ya umeme ya Kiambere–Embakasi ilipoanguka na nchi ikaingia gizani. Uharibifu wa minara unaofanywa na wezi wa vyuma ulilaumiwa, na Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara ya skrepu. Hasira ile ilikuwa ya haki, dawa ndiyo iliyokosewa. Tayari tulikuwa na Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, inayomtaka mfanyabiashara awe na leseni na aweke rekodi za anachonunua. Lililokosekana ni usimamizi, na ndiyo maana miezi michache baadaye biashara ilifunguliwa tena kwa masharti mapya. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wengine watasema skrepu haitoshelezi nchi inayojenga. Ni kweli, na migodi ina nafasi yake. Sheria ya Madini ya 2016 imezitengea kaunti asilimia 20 ya mrabaha, na jamii asilimia 10. Lakini jiwe huchimbwa mara moja likaisha, ilhali chuma huyeyushwa tena na tena. Kwa hiyo, serikali za Meru na Embu zisikae kungoja wawekezaji wa migodi. Zitenge viwanja halali vya skrepu vyenye mizani iliyokaguliwa, ziwafundishe vijana kutenganisha chuma na shaba, na zishirikiane na polisi kumnasa anayenunua nyaya na vyuma vya minara. Anayeokota chuma kihalali analisha viwanda vya nchi. Apewe leseni, asipigwe virungu.